Utu wa Mzee Hohepa

Kazi yangu ni kuokota. Watu wakiniuliza nafanya nini Marekani nawajibu kwamba natunza wazee, lakini ukishinda nami siku moja utaona kuwa muda mwingi nainama tu. Naokota miwani, rimoti, soksi, vidonge, vipande vya mkate. Kitu kikikaa sakafuni mzee atakikanyaga, na mzee akianguka mara moja, nyonga imekwenda. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipofungua mlango wa Mzee Hohepa pale Annandale, nje kidogo ya Washington, nikamkuta kwenye kiti cha magurudumu katikati ya sebule, amenitolea macho, na kijiti kikaruka kutoka mkononi mwake kikaangukia mbele ya miguu yangu, sikungoja. Niliinama nikakiokota. Wala sikumwondolea macho, maana nilidhani atarusha kingine.

"Mzee," nikamwambia, "mimi si wa kurushiwa vijiti. Jina langu Adela. Na kuanzia leo hapa chini sitaki kuona kitu."

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikaudhika. Kisha akafuta machozi kwa mgongo wa mkono akasema, "Ingia, Adela. Umekuja kwa amani." Nikajisemea moyoni kuwa kichwa cha mzee huyu hakiko sawa, na kwenye daftari la zamu nikaandika hivyo hivyo.

Nilikosea. Kichwa chake kilikuwa kizima kuliko changu. Kilichochoka ni moyo wake, na madaktari walikuwa wameshasema kwamba lililobaki ni kumtuliza maumivu tu. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa Mmaori, wa wale wenyeji wa New Zealand waliokuwepo kabla Waingereza hawajafika. Miaka zaidi ya arobaini iliyopita alikuja Washington na kikundi cha watu wa kwao kuonyesha ngoma na mapigano ya kale, akakutana na Margaret, mwalimu wa chuo, na hakurudi tena. Margaret alikuwa amefariki miaka saba kabla sijafika. Hawakujaliwa kuzaa. Tulimtunza wawili: mimi Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa wiki dada Serah, Mkenya wa Nyeri. Mzee alinisemesha kwa Kiingereza cha kwao, mimi nikamjibu kwa Kiingereza cha Karagwe, na tulielewana kuliko ninavyoelewana na watu wa ofisini kwetu. Nilimpenda mzee yule. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini niliingilia mambo yasiyonihusu.

Ukutani, mbali na meza ya chakula, ilining'inia silaha ya mti mgumu mweusi, ndefu karibu kunifikia utosini. Upande mmoja ulikuwa bapa. Upande wa pili ulichongwa uso wenye macho ya kombe yanayong'aa, na mdomoni ulimi umetoka nje, nao ulimi ndio ncha ya kuchomea. Inaitwa taiaha. Wiki ya pili niliishusha niifute vumbi, nikailaza mezani kando ya bakuli lake la uji. Sijawahi kusikia mgonjwa wa moyo akipaza sauti namna ile.

"Ondoa chakula!"

"Naondoa hili limti lako, tulia."

"Chakula, Adela! Ondoa chakula kwanza!"

Nilipokwisha kuondoa uji, na kuirudisha silaha ukutani, na kumpa kidonge chake, alinieleza. Taiaha ile ilikuwa ya babu wa babu yake, na ilikuwa imeua watu. Kwao vitu vya vita na chakula kilichopikwa havikutani. Zamani wanaume wakijiandaa kwenda vitani walitengwa kabisa. Walikuwa na miiko, hawagusi chakula kwa mikono yao wenyewe, hawaendi kwa wake zao. Na wakirudi, hata kama wameshinda, hakuna aliyeingia nyumbani moja kwa moja. Walikwenda kwanza kwenye maji, wakanyunyiziwa, ili warudi kuwa watu.

"Na asiyenyunyiziwa?" nikamuuliza.

"Huyo bado yuko vitani, hata akilala kitandani kwake."

Nikasema wanaume wa namna hiyo nawajua wawili, na mmoja niliolewa naye. Alicheka tena. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Alipokuwa na nafuu alinifundisha mambo yake huku namkanda miguu. Alisema mpiganaji wa taiaha haangalii macho ya adui yake, wala haangalii silaha, kwa sababu macho na silaha vinadanganya. Anaangalia bega, na anaangalia kidole gumba cha mguu. Mtu kabla hajasogea, kidole gumba kinabana ardhi. Hawezi kukizuia. Nikamwambia hata sisi tunaotunza wazee tunaangalia miguu kabla ya kitu chochote, maana mzee anayetaka kuinuka bila ruhusa utamjua kwa miguu. Akasema basi mimi ningefaa kuwa mwanafunzi wake. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Alinieleza pia kile kijiti cha siku ya kwanza. Wageni wanapofika kwa Wamaori, mpiganaji wa wenyeji huwatokea na taiaha, anaizungusha, anatoa ulimi, anakodoa macho, anawatisha kwa kila namna. Halafu anaweka kijiti chini mbele yao na kusubiri. Mgeni akikiokota bila kumwondolea macho, amesema nimekuja kwa amani. Asipokiokota, basi kila mtu ajue amefuata nini.

"Wewe ulikiokota kabla sijamaliza kukutisha," akasema.

"Mimi niliokota uchafu, mzee."

"Na ikitokea mpiganaji akaangusha silaha yake mbele ya wageni," akaendelea, na safari hii hakuwa ananitazama, alitazama dirishani, "hiyo ni nuksi kubwa. Zamani hata vita viliahirishwa." Nikangoja aseme zaidi. Akaniomba nimfunike.

Juu ya kabati palikuwa na picha ya kijana mwenye mabega mapana, amesimama katikati ya Mzee na Margaret, wote wamekunja nyuso kwa sababu ya jua. Siku moja nikauliza ni nani.

"Rewi. Nephew wangu."

"Nephew wa upande gani?"

"Mtoto wa mdogo wangu."

"Wa kiume? Baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo. Alifariki. Rewi alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na miwili. Margaret ndiye aliyemlea."

"Basi huyo ni mwanao," nikamwambia. "Wewe ni baba yake mkubwa. Hiyo nephew ya Waingereza haisemi kitu."

Nikauliza huyo mwanawe anakaa wapi, akasema Columbia. Mimi nakaa Columbia Heights, mtaa wa Washington, kwa hiyo mwezi mzima nilikuwa nikishuka kwenye treni napitisha macho kwa kila mwanamume mwenye mabega mapana pale mbele ya maduka, nikijiandaa kumpa vidonge vyake. Hasira zilinijaa. Anakaa mtaa mmoja nami ninayekuja hapa kila siku, na hajaja hata siku moja kumwona mzee wake! Baadaye ndipo nilipogundua kuwa ni Columbia ile nyingine, ya Maryland, mwendo wa saa nzima kwa gari. Hasira zangu hazikupungua. Saa nzima nayo ni kitu gani? Miaka saba hajakanyaga mlango huu. Sikuuliza kwa nini. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mwezi wa kumi hali ilibadilika. Walileta kitanda cha hospitali, na mzee akakataa kisiwekwe chumbani. Alitaka kiwe sebuleni, miguu yake ielekee mlangoni, amwone kila anayeingia. Alikuwa anakula vijiko vitatu tu. Siku moja nilipokwisha kumwogesha alinishika mkono.

"Adela, kabla sijaondoka lazima pawe na utu kati yangu na Rewi."

Nikasimama na taulo mkononi. "Umesema nini?"

"Utu."

"Mzee, hilo ni neno letu!"

Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kijijini kwao ugenini. Nikamweleza: mtu, watu, utu. Utu ni ile hali ya mtu kuwa mtu kweli, kumwona mwenzako na kumhurumia, kumtendea kama unavyotaka utendewe. Mtu katili tunasema hana utu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ananiangalia kwa yale macho yake makubwa.

"La kwenu ni zuri," akasema. "Ni zuri kuliko la kwetu."

Mimi nilisikia zuri. Hilo la kuliko halikuniingia. Akaniambia nimwandikie Rewi aje, maana vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimekataa, na namba iko kwenye kijitabu kando ya simu. Kisha dawa ikamchukua akasinzia.

Nilimwandikia nikiwa kwenye basi la kurudi. Ningeweza kuandika tu kwamba mzee anakuomba uje, basi. Lakini nina mdomo, na vidole vyangu vina mdomo pia. Nikaandika kwa Kiingereza: mimi ni Adela, ninamtunza baba yako, anakufa, na kitu pekee anachotaka kutoka kwako ni utu. Hilo la mwisho nikaliacha kama lilivyo, kwani nilijua kwao lipo. Nilitaka limchome. Nyumbani nilimwonyesha binti yangu Irene, ana miaka kumi na sita.

"Mom, that's kind of harsh," akasema, yaani ni makali.

"Ndivyo nilivyotaka," nikamwambia.

Siku mbili simu haikulia. Siku ya tatu, Alhamisi asubuhi, jibu likaja: Nimeelewa. Nitakuja Jumamosi saa nane mchana. Nitakuja peke yangu, mikono mitupu. Mwambie sitamkwepa.

Nililisoma nikiwa nimesimama kituoni, nikalisoma tena nikiwa nimekaa. Mtu anayekuja kumwona mgonjwa anakwepa nini? Nikampigia Serah.

"Ati hatamkwepa?" Serah akasema. "Mama Irene, hapo kuna shida. Kwani ulimtext nini?"

Nikamsomea.

"Wee! Na uliuliza mzee hiyo utu yao ni ya nini?"

"Nilimweleza ya kwetu."

"Ulimweleza! Si ungemuuliza kwanza? Hata mimi na wewe tunaongea Kiswahili na bado kuna maneno tunakosana. Sasa hao wa huko mbali, umejuaje ni the same? Muulize leo, please. Usingoje."

Nilifika nikamkuta mzee macho yako wazi. Nilimgeuza, nikampa maji kwa kisponji cha kulowanisha midomo, nikamnyooshea mashuka ambayo yalikuwa yamenyooka. Mwishowe nikauliza.

"Mzee, utu kwenu maana yake nini?"

Alikuwa sasa anazungumza kidogo kidogo, anapumzika katikati.

"Ndio uliotupeleka vitani," akasema. "Mkiua mtu wetu, tunaua wenu. Ni utu. Mkitutukana kwenye karamu, wajukuu wetu watatembea miezi miwili kuwafuata wajukuu wenu. Ni utu. Ukinipa zawadi, nami lazima nikupe iliyo bora zaidi. Huo nao ni utu. Kitu kikiinama upande mmoja lazima kisawazishwe. Kwa wema au kwa damu."

Niliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo haturuhusiwi. Nikamwambia yote: nilichoandika, kilichojibiwa. Nilisema kwa sauti ndogo, mimi ambaye nasikika mpaka kwa jirani.

"Anadhani namwita nimwadhibu," akasema.

"Ndiyo."

"Na bado anakuja?"

"Anakuja. Mikono mitupu. Amesema hatakukwepa."

Machozi yalimtoka, yakaingia masikioni kwa jinsi alivyolala, na nikayafuta huko huko. Ndipo aliponisimulia kilichotokea miaka saba nyuma. Siku ya mazishi ya Margaret, watu walipofika ukumbini kwa ibada, Rewi ndiye aliyesimama mbele na taiaha kuwapokea, kwa sababu Mzee ndiye aliyemfundisha tangu mtoto na hakukuwa na mwingine wa kumtegemea. Rewi alikuwa hajalala siku tatu. Alikuwa analia huku anaizungusha. Mikono ikalowa, taiaha ikamponyoka, ikaanguka mbele ya wageni wote.

"Nikaenda nikaiokota mwenyewe," Mzee akasema. "Nikamwambia mbele ya watu: huna mikono. Toka. Akatoka. Tukamzika Margaret, na yeye hayupo. Alikuwa mama yake, Adela. Nilimtoa mtoto kwenye mazishi ya mama yake, kwa sababu ya aibu yangu."

Hasira zote nilizokuwa nimemwekea yule kijana tangu Columbia Heights ziligeuka zikawa zangu mwenyewe. Nilitoa simu. "Nimwandikie? Niseme nilikosea?"

"Acha," akasema. "Neno ni hilo hilo. Ila hajui ni nani aliyekosa."

Ijumaa muuguzi alikuja, akamsikiliza kifua, akatuita jikoni, mimi na Serah aliyepita kuchukua ratiba. Alisema ni siku, si wiki. Alitusihi tumwache afanye anachotaka.

Jumamosi haikuwa zamu yangu lakini nilikwenda. Serah alikuwa amemnyoa ndevu na kumvalisha shati jeupe lenye vifungo. Tulipouliza kama tuishushe taiaha, alitikisa kichwa. Mkononi alikuwa na kile kijiti cha siku ya kwanza, urefu wa kalamu, kimechongwa ncha. Alikuwa nacho tangu asubuhi. Serah alitaka kukichukua ili amlishe, mzee akakataa.

Saa nane kamili gari likasimama nje. Niliona kupitia dirishani akishuka mwanamume mkubwa, nywele zimeanza kuota mvi pembeni, mikono ina makovu ya kazi ya kuezeka mapaa. Alikaa kwenye ngazi akavua viatu. Kisha akavua na soksi, na nje kulikuwa na baridi. Nilimfungulia mlango, akaniinamia kidogo, akabaki pale pale kizingitini. Alikuwa na hofu. Mtu mzima mwenye kifua kile, na alikuwa na hofu mpaka nikamhurumia.

"Matua," akasema. Baadaye niliuliza, ni neno lao la kumwita baba, na ndugu wa baba pia. "Nimekuja. Niambie nisimame wapi."

Mzee alijaribu kuinua kichwa. Nikapandisha kitanda.

"Sikukuita nikupige," akasema, na ilibidi sote tusogee tumsikie. "Siku ile wewe uliangusha mti. Mimi nikamwangusha mtoto."

Mzee akanyoosha mkono, akitaka kukitupa kijiti kule mlangoni, lakini nguvu haikuwepo. Kilimponyoka tu, kikagonga chuma cha kitanda, kikabiringika kwenye mbao na kusimama katikati ya sebule.

Serah akainama. Kazi ni kazi, hata mimi mikono ilikwisha kutangulia. Nikamkamata sare yake kwa nyuma.

"Adela, ataikanyaga!"

"Acha. Acha kiwe hapo."

Sijui kama kuna mtu amewahi kuniona nikisimama na kitu kiko sakafuni mbele yangu. Nilisimama. Rewi alikitazama kijiti, akamtazama baba yake mkubwa, akakitazama tena. Alielewa ni nini lakini hakuamini kuwa ni chake, maana kijiti huwekewa mgeni, na yeye alikuja kama mkosaji. Sikumtazama machoni. Nilimtazama miguu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilibana ubao, nikajua atasogea, na kitu pekee ambacho sikujua ni kama atakuja mbele au atarudi kwenye gari.

Alikuja mbele. Alipiga hatua tatu, akainama polepole, macho yake kwa Mzee, akakishika kijiti.

Na kijiti kikamponyoka, kikaanguka tena.

Kilitoa mlio mdogo sana. Serah alishika mdomo. Uso wa Rewi uliisha damu, ukawa wa mtoto wa miaka kumi na miwili, akageuza shingo kuutazama mlango nilioacha wazi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka niokote mimi nimpe mkononi, yaishe. Mzee alikuwa amefumba macho, na nilidhani ni kwa sababu ya nuksi ile, ya pili sasa, kwa mtu yule yule. Kisha akayafumbua.

"Okota tena, mwanangu," akasema. "Tuna muda."

Hakuwa na muda. Muuguzi alikuwa amesema, na mimi na Serah tulilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sisi. Lakini alilisema kwa utulivu kabisa, akasubiri.

Rewi alipiga magoti. Alikiokota kwa mikono yote miwili, akaenda nacho mpaka kitandani kwa magoti yake, akainua uso, na wawili wale wakagusanisha paji la uso na pua, wakakaa hivyo wanavuta pumzi moja. Nilitoka nikaenda jikoni nikalia, Serah akanifuata, tukalia wote wawili tumeshikana mabega, na bomba tumelifungua ili wasitusikie.

Baadaye Rewi alikuja mlangoni akaomba maji kwenye bakuli. Nikamuuliza ya kunywa? Akasema hapana. Nilimpa. Alirudi sebuleni akachovya vidole, akamnyunyizia Mzee kidogo kwenye paji na kifuani, akajinyunyizia na yeye. Sikuhitaji kuelezwa maji yale ni ya nini. Wote wawili walikuwa wametoka vitani miaka saba baadaye, na walikuwa wanarudi kuwa watu. Nilisimama pale nikafikiri kuwa huenda neno langu halikuwa mbali sana na lao, ila wao wanalifikia kwa njia ndefu.

Jioni ile Mzee alimwambia aishushe taiaha. Rewi aliuliza kama meza ina chakula. Nikasema mimi nilishaondoa.

Alifariki Jumanne saa sita mchana, Rewi yuko kando yake. Walimzika kule kule alikolala Margaret. Tulikuwa watu wachache: majirani, walimu wawili wazee wa chuo, mimi na Irene, Serah na wenzake wa kanisani waliokuja kwa sababu Serah aliwaambia kuna mzee hana ndugu. Rewi alitusimamia mbele na taiaha, miguu mitupu kwenye nyasi za baridi, akaizungusha, akatoa ulimi na macho, mpaka Irene akanishika mkono. Alikuwa analia kuanzia mwanzo. Sikuiangalia mikono yake hata mara moja.

Watu walipoanza kurudi kwenye magari, nilimwona bado amesimama. Alisimama kwa baba yake mkubwa, kisha akasogea akasimama kwa Margaret, kwa muda mrefu zaidi. Vijana wa makaburini walikuja na koleo wakamsubiri, na mmoja wao akanitazama kama kwamba mimi ndiye wa kumwambia. Nikawaambia wamwache. Alikaa mpaka udongo wa mwisho, na safari hii hakuna aliyemtoa.